Fiziotherapia na dawa za asili chini ya paa moja Mwanza: je, italipa?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), nilichukua stashahada hospitali ya KCMC Moshi, na sasa nimeajiriwa katika hospitali binafsi hapa Mwanza. Nimeweka akiba ya Sh milioni 18. Binamu yangu anauza dawa za mitishamba na kufanya hijama (kuumika, yaani kutoa damu kwa vikombe vya kufyonza), na wateja wake ni wengi kuliko wangu. Anataka tuungane tufungue kituo kimoja, Buzuruga au Nyegezi: fiziotherapia, masaji, ushauri wa lishe, hijama na dawa za asili. Biashara hii ina mwelekeo gani miaka mitano ijayo? Na je, niache kazi? – Msomaji, Ilemela.

JIBU: Dada, nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Fungua fiziotherapia. Usifungue vitu vitano. Binamu yako abaki ndugu, na ikibidi jirani wa biashara, lakini asiwe mbia wako ndani ya mlango mmoja. Kwa Mwanza, milioni 18 inatosha kuanzisha huduma moja kwa heshima. Ukiigawa mara tano utaishia na kitanda kimoja, rafu ya chupa na mwenye nyumba anayekupigia simu kila tarehe 28.

Uhitaji usikuumize kichwa, upo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali ya kiafya ambayo huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa mwili, zingeisaidia. Namba hiyo ni kubwa mno kumfaa mtu anayetafuta fremu Nyegezi, kwa hiyo tutazame ya kwetu. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Mwanza na watu zaidi ya milioni 3.6, na Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa 1971, inapokea rufaa za Kanda ya Ziwa nzima. Wanaletwa waliovunjika miguu kwa bodaboda, waliopata kiharusi, wachimbaji wadogo walioumia mgongo, watoto wenye mtindio wa ubongo. Kanda yetu pia ni miongoni mwa zenye selimundu (sikoseli) nyingi nchini, na wewe unajua selimundu inavyokula nyonga za vijana. Hospitalini mfupa unaungwa, presha inashushwa, mgonjwa anaruhusiwa. Kumrudisha mtu huyo kwenye miguu yake ni kazi ya miezi, na miezi hiyo anaimaliza nyumbani akikandwa maji ya moto na shangazi. Soko lako liko hapo, baada ya karatasi ya ruhusa.

Kwa nini basi vituo vya fiziotherapia vinafunguliwa na kufungwa? Kwa sababu wenye vituo wanahesabu wagonjwa wapya na kusahau kuhesabu wanaorudi. Huko ndiko biashara hii inakopona au kufa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Tuchukue mfano, namba ni za kukadiria tu, weka zako. Fremu ya vyumba viwili Sh 450,000 kwa mwezi. Msaidizi Sh 350,000. Wa mapokezi Sh 200,000. Umeme, maji, kufua mashuka na mafuta ya kukandia Sh 200,000. Matengenezo ya vifaa Sh 100,000. Mshahara wako Sh 800,000, na usiniambie utajilipa baadaye, kwa sababu hilo la baadaye ndilo linalokula mtaji. Jumla Sh 2,100,000. Ukitoza Sh 20,000 kila mtu anapohudhuria, unahitaji mahudhurio 105 kwa mwezi ili usile hasara. Kwa siku 24 za kazi, hao ni watu wanne au watano kwa siku. Kila anayeiona hesabu hii mara ya kwanza hutabasamu.

Sasa angalia upande wa pili. Mgonjwa akija mara mbili kisha akapotea, kufikisha mahudhurio 105 unahitaji wagonjwa wapya 53 kila mwezi. Akidumu hadi mara ya nane, unahitaji 14. Hao 53 hutawapata bila gari la matangazo lenye spika kupita Igoma na Kirumba kila siku. Hao 14 unaweza kuwapata kwa madaktari wanne au watano wanaokufahamu na kuiamini kazi yako. Chumba ni kile kile, kitanda ni kile kile. Kinachobadilika ni kama Mzee Fulani wa Mkolani atarudi Alhamisi.

Anaacha kurudi kwa sababu ambazo hazihusiani na ubora wa mikono yako. Ya kwanza ni nauli. Mtu aliyepooza upande mmoja hapandi daladala, anakodi bajaji kwenda na kurudi, na mara nyingi ana msindikizaji aliyeacha kazi zake siku hiyo. Ukitoza Sh 20,000, yeye nyumbani wanahesabu thelathini. Ya pili ni mji wenyewe. Mwanza ni mji wa mawe na milima, na nyumba nyingi za Mabatini, Igogo na sehemu za Isamilo hazifikiwi na gari. Mgonjwa wa kiharusi anayeishi juu huko hushushwa mgongoni kwa mtu. Watashusha mara ya kwanza kwa moyo mmoja, mara ya pili kwa kusukumana, mara ya tatu watasema mzee apumzike kidogo.

Ya tatu ni mzunguko wa fedha, na hili wageni wa mji huu huchelewa kuliona. Wavuvi wa dagaa hutumia taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka sana mitumbwi hupumzika, na mwaloni, ufukweni samaki wanakoshushwa, pesa hupungua. Ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei, na fedha zake ndizo zinazowaleta watu wa Kwimba na Magu kutibu magoti waliyoyavumilia tangu masika. Januari ni ada za shule, hakuna anayenyoosha goti. Kama unapanga malipo ya mkopo yaliyo sawa kila mwezi huku mapato yako yanapanda na kushuka hivyo, utalala vibaya.

Ya nne: maumivu yakipungua mtu anajiona amepona. Hapa ndipo ustadi wako na biashara yako vinapokutana. Siku ya kwanza andikeni pamoja, kwa Kiswahili, lengo analolitaka yeye. Usiandike mkunjo wa goti digrii 110. Andika kupanda ngazi za kwake bila kushikwa, kufunga vifungo vya shati, kurudi mwaloni kuanika dagaa. Pima kila wiki na umwonyeshe. Muuzie mpango wa mara sita kwa Sh 100,000 badala ya 120,000, nusu siku ya kwanza, nusu siku ya tatu, kwa lipa namba ili pesa isipite mikononi. Asipokuja, apigiwe simu siku hiyo hiyo, na aliyekuja naye afundishwe mazoezi ya nyumbani. Usiogope kwamba ukimfundisha ndugu utapoteza mteja. Mgonjwa anayeona mabadiliko hurudi, na anayerudi ndiye anayemleta mjomba wake.

Tena, weka siku mbili kwa wiki za kuwafuata wagonjwa nyumbani. Kupanda Mabatini na begi mgongoni ni kazi ngumu, najua, lakini ukipanga wagonjwa wanne wa mtaa mmoja asubuhi moja, nauli yako moja inachukua nafasi ya bajaji nane za kwao. Toza zaidi kidogo kuliko kituoni na bado watakushukuru. Ukitaka kuanza biashara kabla ya kuwa na jengo, hii ndiyo njia ya kujifunza nani analipa na nani anaahidi. Hakikisha tu usajili wako ni hai, na mkataba wa mwajiri wako unaruhusu kazi ya nje.

Sasa, nani mwingine anaweza kulipa zaidi ya mgonjwa mwenyewe? Watu wanaitazama bima kama mwokozi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na kwa muda mrefu itaongeza watu wenye kadi. Lakini uwe na kumbukumbu ya Machi 2024, kitita kipya (orodha ya huduma na bei zake) cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kilipoanza kutumika na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama kwa kuona bei hazilipi. Kama hospitali kubwa zenye wanasheria zilitikisika, kituo cha vitanda viwili kinachotegemea madai ya bima pekee kitapeperuka. Omba mkataba ukishatimiza masharti, lakini bajeti yako isimame kwa fedha taslimu. Bima iwe nyongeza.

Mlango ambao wenzako wengi hawaugongi ni waajiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015, unagharimia matibabu na utengamao wa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Mwanza ina viwanda vya samaki ambako watu husimama zamu nzima kwenye baridi wakikata minofu, viganja na migongo ikilia. Ina viwanda vya Nyakato, ina makuli wa bandarini, na nyuma yake kuna migodi ya Geita. Andaa ukurasa mmoja tu, si kitabu, wa kumwonyesha meneja rasilimali watu: tutakuja mara moja kwa wiki, tutawaona wenye maumivu ya mgongo na mabega, tutafundisha namna ya kunyanyua na kusimama, bei ni hii. Kiwanda kimoja kinacholipa kila mwezi kinaweza kubeba kodi yako ya pango. Kupata kimoja kunaweza kuchukua miezi, usikate tamaa kwa barua mbili zisizojibiwa.

Nije kwa binamu. Nataka nimtendee haki, maana najua jinsi wataalamu wa hospitali wanavyowadharau watu wa mitishamba huku wakinywa mlonge kimyakimya. Tiba asili si biashara inayokufa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, ina Baraza lake chini ya Wizara ya Afya. Muhimbili wana taasisi yao ya tiba asili iliyoanza kama kitengo mwaka 1974. Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo cha kimataifa cha tiba asili Jamnagar, India, mwaka 2022, na Mei 2025 nchi wanachama zilipitisha mkakati mpya wa tiba asili hadi 2034. Dawa mseto ya malaria tunayoimeza leo ina asili yake katika pakanga ya Kichina, na aliyegundua kiini chake, artemisinini, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel 2015. Mwelekeo wa dunia ni kuzikubali dawa zilizochunguzwa na kuzibana zisizochunguzwa. Kwa hiyo swali la binamu yako ni moja: yeye yuko upande gani?

Muulize mambo matatu, kwa upole, jikoni kwa shangazi ikibidi. Amesajiliwa na Baraza yeye mwenyewe, na je, sehemu anayofanyia kazi imesajiliwa? Dawa zake zimewahi kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kuchunguzwa? Na anazitengeneza mwenyewe au anazipokea zikiwa tayari kwenye makopo? La mwisho ndilo zito. Duniani kote wachunguzi wamekuta dawa za maumivu "za asili" zilizochanganywa dawa za hospitali aina ya steroidi, kama deksamethasoni, na za nguvu za kiume zilizotiwa sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra. Dawa ya mitishamba inayoondoa maumivu ya goti kwa kila mtu ndani ya saa moja isikufurahishe, ikutie wasiwasi. Mteja huyo atarudi na uso uliovimba, sukari iliyopanda na presha juu, na atarudi kwako, kwa sababu jina lako ndilo lililo kwenye bango.

Kadhalika zile mashine za kushika mkononi zinazotoa orodha ya magonjwa ya mwili mzima kwa dakika moja. Hazipimi lolote. Zinauza makopo. Kama iko kwenye mpango wa binamu, iondoke.

Kuna historia ya huku pia. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji ya wenzetu wenye ualbino, na Kanda ya Ziwa ndiyo iliyotajwa zaidi. Waganga wengi waliokuwa wakitibu kwa mizizi tu, bila ramli, walikumbwa katika msako ule. Mtu wa dawa za asili Mwanza anafanya kazi chini ya jicho hilo mpaka leo, na ofisi yoyote inayoshiriki mlango naye inashiriki jicho hilo. Ushindani wa waganga wenyewe ni wa zamani: kwa Wasukuma, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yanafuata nyayo za waganga wawili, Ngika na Gumha, waliopimana nguvu za dawa kwa kuvuta watazamaji. Gari la matangazo si uvumbuzi.

Wateja wengi wa binamu wasikulevye. Mwaka 2011 kijiji cha Samunge, Loliondo, kilipokea misururu ya magari kwa ajili ya kikombe cha dawa ya mitishamba cha Sh 500. Basi na Noah kutoka Mwanza zilikuwa zikiondoka zimejaa. Waliofungua maduka ya chai na vyumba vya kulala wageni kando ya barabara ile walihesabu wateja kama unavyohesabu wa binamu yako, na msururu ulipokatika walibaki na mabati. Wateja wanaovutwa na ahadi ya kupona huja kwa wingi na kuondoka kwa wingi. Wako wa fiziotherapia huja mmoja mmoja, na anayewaleta ni daktari aliyeandika barua. Daktari huyo akisikia kwamba chumba cha pili kinauza chupa ya "kiharusi kwisha", barua ya pili haiandiki. Hapo ndipo ubia huu unapokugharimu: utapoteza rufaa 14 ili upate wapita njia.

Hata walipaji wakubwa wanafikiri hivyo. Aprili 2019 Australia iliziondoa tiba 16 za asili, homeopathia na naturopathia zikiwemo, katika orodha ya huduma ambazo bima binafsi yenye ruzuku ya serikali iliruhusiwa kulipia, kwa hoja kwamba ushahidi wa manufaa yake haukutosha. Fiziotherapia ilibaki. Sisi tuko mbali na Australia, lakini bima zetu nazo zitalipia kile ambacho mtu anaweza kukionyesha kwenye faili.

Hijama ninaiweka kando na makopo. Ina watu wake, wengine kwa imani ya dini, na ikifanywa na aliyesajiliwa, kwa nyembe mpya, glovu na utupaji sahihi wa taka za damu, inaweza kuendeshwa vizuri katika jengo lake. Si katika chumba chako cha mazoezi.

Masaji: toa kama sehemu ya tiba, na neno lenyewe usiliandike kubwa kwenye bango. Mjini kwetu limeshachafuliwa, utapokea simu za saa nne usiku. Lishe: mpate mtu aliyeisomea aje Jumamosi mbili kwa mwezi kwa wagonjwa wa kisukari na uzito, mgawane ada. Kuuza virutubisho kutoka kwenye mitandao ya biashara, hapana.

Buzuruga au Nyegezi? Nyegezi, au bora kidogo mbele, Mkolani hadi Buhongwa. Stendi ya Nyegezi inapokea magari ya Geita, Sengerema na Shinyanga. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na mtu wa Sengerema ambaye zamani alipoteza saa nyingi akingoja kivuko anaweza sasa kuja asubuhi na kurudi mchana. Huyo ni mgonjwa wa kuja mara mbili kwa wiki, jambo ambalo halikuwezekana. Buzuruga ina watu wengi zaidi wanaopita, lakini huhitaji wanaopita. Popote utakapochagua iwe sakafu ya chini, gari lifike mlangoni, choo kiwe cha kukalia na mlango wake upitishe kiti cha magurudumu. Nimeona kituo cha mazoezi tiba ghorofa ya pili bila lifti. Kilikuwa na wagonjwa wa shingo tu.

Kuhusu vifaa, usianze na mashine za gharama. Vitanda viwili imara, vyuma sambamba vya kujifunzia kutembea (fundi wa kuchomelea wa Mwanza anatengeneza ukimpa vipimo), mikeka, mipira, ngazi ya mazoezi, kioo kirefu, mashine moja ya kusisimua misuli kwa umeme. Isizidi milioni sita. Milioni saba ziwe za kukuvusha miezi ya mwanzo wakati mahudhurio hayajafika 105, na usiziguse kwa ajili ya vigae. Iliyobaki ni vibali, kodi ya pango na bango.

Kazi usiache sasa. Omba upunguziwe zamu, au tumia jioni na Jumamosi kwa wagonjwa wa majumbani, kwa idhini ya mwajiri. Wakifika wagonjwa kumi na wawili wanaolipa na kurudi kwa miezi mitatu mfululizo, andika barua. Kabla ya hapo mshahara wako ndio mbia wako.

Taratibu: wewe uko chini ya Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya 2017, kwa hiyo usajili na leseni yako ya mwaka viko Baraza la Madaktari Tanganyika. Kituo chenyewe ni maombi mengine, na yanaanzia kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Nenda umwone kabla hujampa dalali pesa. Binamu naye ana njia yake: serikali ya mtaa, kata, mratibu wa tiba asili wa halmashauri, kisha Baraza lake. TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara kila mmoja ya kwake. Mwenye fremu atakudai kodi ya miezi sita au mwaka. Mwombe akubali mitatu, na kwenye mkataba mwandike kwamba kama wakaguzi wa afya watalikataa jengo, atakurudishia iliyobaki. Akikataa kuandika hivyo, tafuta fremu nyingine, Mkolani zipo.